Lushoto hadi Mtae kwa Miguu: Kutafuta Mahali Msitu Unapokoma

Tanga mjini tunaishi na Usambara mgongoni, na wengi wetu tunaijua kwa karoti na kabichi zake tu. Mimi na binamu yangu ni watu wa jogingi ya alfajiri. Njia yetu ni Raskazone na kurudi mjini, tambarare tupu, upepo wa bahari usoni. Binamu ndiye aliyeleta habari ya nyasi. Alikuwa ameona picha za watu wanaokimbia kwenye vijia vya msituni mpaka wanatokeza juu kwenye majani mafupi, mawingu yako chini yao, mti hata mmoja hakuna. Akauliza kama mkoani kwetu tunapo mahali pa namna hiyo, au ni lazima mtu afunge safari ya Kilimanjaro. Kila mmoja kwenye kundi letu alikuwa na jibu, na katika waliojibu hakuna aliyewahi kupanda zaidi ya Soni.

Basi tukaamua kwenda kujionea. Ilikuwa katikati ya Januari, vuli imekwisha, masika bado, kaskazi inavuma vizuri. Mke wa binamu ni Msambaa, na mdogo wake wa kiume anaongoza wageni huko Lushoto. Kwa binamu ni shemeji wa ndani ya nyumba, na kwangu mimi naye ni shemeji, maana kwetu ukoo haugawanywi kwa rula.

Alhamisi, Kange hadi Lushoto

Basi liliondoka stendi ya Kange baada ya sala ya alfajiri. Muheza ikapita na michungwa yake, halafu mkonge, mkonge na mkonge tena mpaka Korogwe. Zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na zaidi ya karne baadaye bado ndilo linalokusindikiza njia nzima ukitoka pwani. Reli inakuja na kupotea pembeni. Ilifika Mombo mwaka 1905, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia milimani.

Mombo ni joto la kukata tamaa. Hapo unahama gari, unabanwa kwenye Kosta, na mizigo ya watu inapangwa juu ya magoti yako bila kuombwa ruhusa. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za lami nyembamba iliyong'ang'ania ubavu wa mlima. Dereva anapiga honi kila kona, utingo ananing'inia mlangoni akichungulia gari linaloshuka. Ukifika Soni unaona mto unavyojirusha kwenye miamba pembeni ya barabara, na abiria wanaanza kufunga madirisha mmoja mmoja. Nilikuwa nimevaa fulana ya mazoezi. Mama mmoja niliyekaa naye aliniangalia, akatoa kitenge kwenye mkoba wake, akanitupia mabegani na kuendelea na mazungumzo yake na mwenziwe.

Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakajenga humo nyumba za kupumzikia joto la Tanga. Wanunuzi wa leo wa plamsi na peasi pale sokoni sidhani kama wanajali.

Jioni shemeji alitupeleka Irente. Unatembea kati ya mashamba na nyumba, unapita watoto wanaochunga mbuzi, na ghafla nchi inakatika. Mbele ya vidole vyako ni hewa. Chini kabisa, mistari ya mkonge upande wa Mazinde, barabara kuu na malori madogo yanayotambaa. Pale ukingoni kulikuwa na majani mafupi yaliyolazwa na upepo.

"Si haya hapa?" binamu akasema. "Nyasi, na hakuna mti."

Shemeji alichimbua kwa kisigino. Udongo haukufika hata kiganja, chini yake jabali. "Hapa mti utasimama kwenye nini, shemeji? Hizi si nyasi za mlima. Ni nyasi za jiwe."

Halafu akaviangalia viatu vyetu, raba za mbio zenye soli iliyolainika kwa lami ya Raskazone, akauliza kama ndivyo tulivyokusudia kuingia navyo Magamba. Yeye alikuwa na mabuti ya mvua ya plastiki, yale yanayouzwa kila duka la pembejeo. Tukacheka. Kesho yake hatukucheka tena.

Ijumaa, Magamba

Kutoka Lushoto kwenda Magamba barabara inapanda tu. Tulisema tuikimbie kwa vile ni asubuhi na kuna baridi nzuri. Kwa bahari ya Tanga mapafu yangu yanatosha, lakini kwenye kona za huko niliyahisi yanadaiwa. Wanafunzi waliokuwa wakipanda kwenda shule walitupita wakitembea, mmoja ana fagio begani. Bibi mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akatusalimia, "Onga maghundo." Shemeji akajibu kwa niaba yetu, maana sisi pumzi ya kujibia hatukuwa nayo.

Pale njiapanda ya Magamba kuna ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unaandikishwa, unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu, unasubiri ujumbe urudi. Ukiwa na mwongozaji anayefahamika, mambo ni mepesi. Msitu huu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2010, na una hekta zaidi ya 9,000. Ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya na kushuka hadi Udzungwa.

Saa moja ya kwanza ndani ya msitu sikuona mnyama yeyote. Nilikuwa naangalia miguu yangu. Njia ni udongo mwekundu uliolowa, mizizi imeupita juu kwa mkato, na kila mzizi umepakwa utelezi. Raba zetu zilikuwa zinaamua zenyewe pa kwenda. Shemeji akakata fimbo mbili za mti mkavu ulioanguka, akatupa bila maneno.

Ukishazoea kutembea, ndipo masikio yanafunguka. Kulukulu alikuwa anaita juu kwa sauti ya kukwaruza, halafu akaruka, na kwenye mbawa zake ukapita wekundu usioutegemea kwenye ndege wa kijani. Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, matawi yakivunjika, kisha mkia mrefu mweupe ukining'inia kwenye mti. Hawakukimbia. Kima walikimbia, na shemeji akasema kima ana sababu, anajua anayoyafanya kwenye mahindi ya watu.

Miti ya huku ina majina ambayo mafundi seremala wa Tanga wanayajua kwa harufu: mkulo, mse, mwangati. Mshai unautambua kwa matawi yake yaliyotandazwa juu. Na chini, kwenye mabonde yenye unyevu, kuna mikangaga yenye shina, mirefu kuliko mtu, inayosimama kama minazi michanga iliyopotea njia ya pwani. Binamu alipiga picha nyingi hapo mpaka shemeji akamkumbusha kwamba mbele bado kuna mlima.

Kitu nilichokaa nacho sana ni kisiki. Kilikuwa kisiki cha mkulo, kipana kiasi kwamba sisi watatu tungeweza kukikalia bila kugusana. Pembeni yake palikuwa na shimo lililoanza kufukiwa na majani. Hapo ndipo mbao zilipopasuliwa zamani: mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine ndani ya shimo, msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao siku nzima. Kati ya kisiki kilikuwa kimeoza, kimejaa maji meusi na majani. Shemeji alibandua kipande kwenye ubavu ulio mzima, akakivunja, akaniwekea puani. Harufu ya kafuri, kali, bado hai. Kisha akanionyesha chini. Kutoka kwenye mizizi ya kisiki kilekile yalikuwa yamechipua machipukizi ya mkulo, mengine yamefikia unene wa mguu wangu, yamekizunguka pande zote. Mkulo ukikatwa hurudi hivyo, kwa mizizi zaidi kuliko kwa mbegu. Mradi watu wauache.

Mbele kidogo, kwenye mwamba unaodondosha maji, alituinamisha tuangalie majani madogo yenye manyoya, yamejibana penye kivuli. Kisambaa wanayaita dughulushi. Mbegu zake alizipeleka kwao Ujerumani mkuu wa wilaya ya Tanga wakati huo, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892, na leo jamaa wa ua hili yumo kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Sisi tunaoishi jirani tuliinama kwa mara ya kwanza kuliona, na wala halikuwa limechanua.

Siafu walitupata tulipopumzika. Hilo nalipita haraka. Nitasema tu kwamba heshima yote kati ya mashemeji huisha pale mtu anapolazimika kuvua suruali njiani.

Adhuhuri tuliswali kwenye kijito, tukapunguza kwa kuwa ni wasafiri. Maji ya kutawadha yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Baada ya hapo tukapanda hadi kwenye mgongo wa mlima, na hapa ndipo hoja ya binamu ilipoanza kuyumba. Sehemu za juu kabisa za Magamba na Shume zinapita mita 2,200, na kule juu kote tulikoelekeza macho palikuwa na miti. Ilikuwa mifupi zaidi, imepinda, imevaa ndevu za kijivu za kuvu-mwani, lakini ni miti. Msitu haukukoma kwa sababu ya urefu wa mlima. Ulikuja kukoma wakati tunashuka upande wa pili, tena kwa hatua moja: mguu wa nyuma uko kwenye kivuli na majani yaliyooza, mguu wa mbele uko kwenye tuta la kabichi. Jua likatupiga, jogoo akawika, redio ikaimba taarabu. Mpaka ulikuwa mstari ulionyooka, na milima haichori mistari iliyonyooka.

Jumamosi, Lukozi hadi Rangwi

Tulipanda gari hadi Lukozi kuokoa miguu. Lukozi ni kitovu cha mboga. Malori yanasimama kando ya barabara, vijana wanarusha kabichi mkono kwa mkono, mmoja anahesabu kwa sauti, karoti zinasuguliwa kwenye mabeseni hadi zing'ae. Viazi, vitunguu, pilipili hoho. Nikamuuliza kijana mmoja zinakwenda wapi, akasema Dar, kana kwamba hakuna mji mwingine. Nilitaka kumwambia na Tanga tunakula, nikaacha.

Upande wa Shume tulitembea ndani ya shamba la miti la serikali, misindano iliyopandwa kwa safu. Nakiri ni pazuri kukimbilia: chini laini, hakuna mzizi, hakuna tope. Tulikimbia kweli, na binamu alifurahi kwa mara ya kwanza tangu siafu. Ila kimya chake si kama cha Magamba. Hakuna kulukulu, hakuna mbega, na chini ya miti hakuoti kitu. Mwangati uliokuwepo huku Wajerumani waliuvuna kwa wingi, wakautelemsha kwa magogo yaliyoning'inizwa kwenye kamba ya chuma kutoka huku juu hadi Mkumbara, ambako reli ilikuwa ikiusubiri. Nikiangalia ule ukingo na bonde lilivyo chini, nawaza mafundi waliofunga hizo nguzo na vibarua waliozibeba.

Njia ya kushuka kwenda Rangwi inapita katikati ya maisha ya watu. Unapita nyuma ya jiko la mtu, unasalimia, unaulizwa unatoka wapi, unasema Tanga, unaambiwa pole kwa joto. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi, na kingo zake zimepandwa majani ya mifugo. Kulala tulilala nyumba ya wageni ya masista wa Rangwi, ndoo ya maji moto kila mtu, wali, maharage na kabichi. Sista mkubwa alitukagua miguu kabla ya kutuambia karibu chakula. Lengelenge la binamu kisiginoni alilifunga yeye mwenyewe.

Jumapili, Rangwi hadi Mtae

Mwendo mrefu, jua kali, maneno machache. Kengele za kanisa zilitusindikiza vijiji kwa vijiji na tulipishana na watu waliovaa suti na vitenge vilivyopigwa pasi, wao wasafi, sisi tumejaa tope la juzi. Binamu alikuwa anakanyaga kwa upande.

Mahali pa kupumzika tulikaa na mzee mmoja kwenye kivuli cha mparachichi. Tulimpa shikamoo, akatumarahaba, akatuuliza tunatembea kwa adhabu ya nani. Nilipomsifia ngazi za mashamba, akacheka kwa pua. Babu yake, alisema, alikataa kuchimba matuta ya Mwingereza. Ndiyo, historia hiyo imeandikwa: mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha huko bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta, upinzani ukakua hadi mpango ukaachwa mwaka 1957. Baadaye wakulima wakaja kuelewana na kingo za majani na miti kwa njia nyingine, kwa sababu ng'ombe anakula majani hayo na maziwa yanauzwa. Mzee aliyaeleza yote haya akiwa amenyosha mkono kwenye shamba lake mwenyewe, ambalo lina ngazi safi kuliko zote nilizoziona siku ile. "Hizi nimechimba mimi," akasema. "Hakuniambia mtu."

Mtae tulifika saa kumi na moja jioni. Kijiji kimekaa juu ya ulimi wa mlima, barabara inapita mgongoni, na nyumba za pande zote mbili zina nyuma iliyo hewani. Kanisa la zamani la Kilutheri limesimama hapo tangu enzi za wamisionari. Ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Tulikula, tukalala.

Jumatatu, Shagayu

Siku ya nyasi. Tulichukua bodaboda hadi ukingo wa msitu wa Shagayu, tukaongezewa mwenyeji wa kijiji cha jirani, mtu mzima anayeujua msitu kwa kazi za doria. Binamu alibaki nyuma ya kila mtu na kisigino chake, lakini alikuwa amekataa kabisa kubaki Mtae.

Shagayu ni msitu mzito kuliko nilivyotarajia baada ya mashamba yale yote. Mse mikubwa, mikulo iliyosimama, kangaga kila bonde. Kwenye kichaka cha ukingoni mwenyeji aliinua jani, na hapo alikuwepo kinyonga mwenye pembe mbili fupi puani, kijani kilichochanganyika na kahawia. Nilimsogelea. Jicho moja lilinitazama mimi, la pili lilikuwa linamfuata nzi nyuma yake, na mguu mmoja ulikuwa umenyanyuliwa hewani kama hajaamua. Mwenyeji hakumshika. Binamu alisimama mbali; kwao nyumbani wamelelewa kumwogopa, na bila aibu akasema hivyo.

Baada ya saa mbili tukatokeza. Uwanda wa majani mafupi, kibonde cha mteremko kilichonyooka hadi ukingo mwingine wa msitu, vimaua vya manjano vikavu ambavyo ukivigusa vinalia, upepo baridi, na ukungu unaopita chini yetu. Ilikuwa ile picha yenyewe. Binamu alisahau kisigino, akakimbia hadi katikati na kurudi, akanyanyua mikono juu.

"Haya sasa," akasema. "Semeni."

Mwenyeji alimwachia afurahi kwanza. Kisha akatembea naye ukingoni na kumwonyesha vitu kimoja kimoja. Kangaga za porini zilizojaa pembeni, ambazo huja baada ya moto. Kisiki cheusi ndani ya majani, kimeungua mpaka kwenye mizizi. Samadi ya ng'ombe, ya zamani na ya juzi. Na miche ya miti ya msituni inayoanza kuingia kutoka kwenye kivuli, midogo, kila mmoja umeng'atwa kichwa. Ng'ombe wakiondolewa miaka kadhaa, alisema, msitu utalirudisha hili eneo wenyewe, kwa hiyo ukija baadaye usinitafute uniulize nyasi zimekwenda wapi.

Nadhani hapo ndipo nilipoielewa milima hii. Kilimanjaro msitu unakoma karibu na mita 2,800, juu yake baridi na ukavu havimwachii mti mkubwa nafasi, ndipo zinakuja zile nyika za vichaka na majani. Shagayu kilele chake ni mita kama 2,220. Usambara nzima haifiki pale ambapo mlima wenyewe humfukuza mti. Kwa hiyo kila uwazi unaouona huku una mtu nyuma yake, au jabali chini yake. Moto wa kusafisha shamba ulioponyoka, malisho ya miaka, shoka. Picha ya binamu ilikuwa ya kweli, ila kwetu si kazi ya baridi.

Binamu hakukubali mara moja. Alisema nyasi ni nyasi, na mkimbiaji haulizi cheti cha kuzaliwa. Shemeji akamjibu kwamba mkimbiaji wa Vanga atauliza. Akatupeleka chini ya ule uwanda, mahali msitu unapoanza tena, ambapo maji yalikuwa yanachuruzika kati ya mizizi bila kelele, kiasi cha kujaza kikombe kwa subira. Maji ya Shagayu ndiyo yanayoanzisha Mto Umba. Unashuka hadi nyikani, unavuka kuingia Kenya, na kumwaga baharini karibu na Vanga, bahari ileile tunayoogelea sisi. Upepo unachukua unyevu huko pwani, unaupandisha huku, msitu unaukamata kwa majani na kuvu, na kuurudisha taratibu. Pale kwenye uwanda wa majani, hatua thelathini juu ya kijito, udongo niliouchimba kwa kidole ulikuwa mkavu. Nikarudi chini ya miti, nikachimba tena. Kidole kilitoka cheusi na kimelowa.

Kilele chenyewe tulikifikia mchana. Kama Magamba: miti mifupi, ndevu za kijivu, mtazamo umezibwa na matawi. Binamu alikaa kwenye mzizi akavua kiatu, akasema sawa.

Jumanne, Mtae na kurudi

Basi la Mtae linaondoka gizani. Tuliliacha liende makusudi, kwa sababu shemeji alisema usiku umepiga baridi kavu na asubuhi itakuwa wazi. Ilikuwa wazi. Kutoka ukingoni unaona nyika yote ya Mkomazi, njano na kahawia, upande ambao mvua ya bahari haiufikii kwa kuwa mlima umeshaichukua. Halafu milima ya Upare. Na mbali kabisa kaskazini-magharibi, juu ya mstari wa vumbi, theluji ya Kibo. Ilikaa kama robo saa kabla mawingu hayajaifunika. Binamu akanyosha kidole: nyasi zake halali ziko kule, chini ya ile theluji. Tayari anapiga hesabu ya fedha.

Kwa wanaotaka kuifuata njia hii kwa mbio, ushauri wangu ni huu. Kipande cha Shume kwenye misindano na vijia vya mashamba kuelekea Rangwi vinakimbilika vizuri. Magamba na Shagayu usikimbie, hasa kama mvua imenyesha. Kule ni fimbo na viatu vyenye meno. Chukua mwongozaji wa eneo lile na lipia kibali kabla ya kuingia, usisubiri kukutwa na doria. Januari na Februari ni nzuri kwa anga wazi na matunda. Juni hadi Agosti ukungu na baridi vinaweza kukunyima kila kitu isipokuwa mafua. Nguo ya joto si ya hiari, hata kama unatoka Tanga umeloa jasho. Na beba sabuni ya kipande na plasta, maana si kila kituo kina sista.

Kurudi tulipata Noah hadi Lukozi, na Lukozi tukapata Kosta. Binamu alinunua debe la peasi na fungu la karoti kwa ajili ya nyumbani. Shemeji tulimwacha stendi ya Lushoto akiandika kwenye daftari lake majina ya watu wanne wa kundi letu la Raskazone ambao binamu, bila kuwauliza, alikuwa ameshawaandikisha kwa ajili ya Februari.